Msamaria Hakuuliza Kadi



Katika Kitabu cha Sala cha zamani, Injili ya Msamaria Mwema iliwekwa isomwe Jumapili ya 13 baada ya Utatu. Wazee wetu wanaikumbuka hivyo. Lakini huenda wengi wetu hatujui kwamba ndugu zetu Walutheri nao, katika kalenda yao ya kale, waliisoma Injili hiyohiyo Jumapili hiyohiyo, kwa kuwa wao na sisi tuliirithi kalenda hiyo kwa Kanisa la Magharibi la zamani. Kwa miaka mamia kengele ya kwao na kengele ya kwetu zimewaita watu siku moja kusikiliza habari za mtu yule aliyepigwa na wanyang'anyi akaachwa njiani karibu ya kufa. Safari hii tumependa kuisikiliza tukiwa tumekaa upande wao, tujue wao husikia nini. Tunayo sababu, nayo hatutaificha.

Masika yaliyopita alifariki mama mmoja mzee wa mtaa wetu. Jina lake hatulitaji. Alibatizwa kwetu, akapata Kipaimara kwetu, akafunga ndoa mbele ya altare yetu, na kwa miaka mingi alifagia kanisa kila Jumamosi bila kuombwa. Miguu ilipomshinda hakuweza kuja tena, na kwa kuwa hakuja, kadi yake ya zaka ilikaa tupu miaka mitatu. Alipougua tulimpelekea salamu. Alipokufa, wazee walikaa chini ya mwembe wakajadiliana kama kengele ilie au isilie, na kama Padre aende mwenyewe au mwinjilisti atoshe. Mashauri hayo yalianza saa mbili asubuhi yakaendelea mpaka karibu na adhuhuri, na maiti imelala ndani. Mwishowe mwanawe alikwenda kukopa dukani, akaja akalipa zaka ya miaka mitatu ya mama yake. Ndipo kengele ikalia.

Tulipofika msibani tulikuta maji yamekwisha chotwa, kuni zimepasuliwa, ua umefagiwa. Kazi hiyo ilifanywa na akina mama wa usharika wa Kilutheri wa ng'ambo ya mto. Tukaambiwa tena kwamba tangu Kwaresima ndio waliokuwa wakija kwa zamu kumwogesha yule mzee na kumpikia uji. Hakuwa mtu wao. Mmoja wetu alimwuliza mkubwa wao ni nani aliyewatuma. Akajibu, "Mtoto wake alituambia mama hawezi kuinuka." Zaidi ya hayo hakusema neno, akaenda kuangalia chungu chake.

Hatuandiki haya ili kumshitaki mtu. Sisi tunaoandika tulikuwapo chini ya mwembe ule, na baadhi yetu tulisema sana. Wala hatusemi kwamba Walutheri ni wema kuliko watu wengine. Nao wana bahasha zao na ahadi zao na vikao vyao, na mzee wao mmoja alituambia akicheka kwamba tumewakuta siku yao njema. Hata hivyo swali lilitukaa moyoni: watu hawa hufundishwa nini juu ya rehema, na je, sisi tulifundishwa kitu kingine?

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili cha Kanisa, rehema limebeba maana mbili. Sisi tukisema rehema twafikiri wema wa Mungu kwa mtu asiyestahili. Lakini Wakatoliki wenzetu hulitumia neno hilohilo pia kwa ule msamaha wa adhabu ya dhambi ambao Kanisa lao huutoa kwa masharti yake. Ugomvi wa mwaka 1517 ulikuwa hasa juu ya neno hilo. Vyeti vya rehema viliuzwa katika Ujerumani, na sehemu ya fedha ilikwenda kujenga kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma. Martin Luther, mtawa na mwalimu wa chuo kikuu cha Wittenberg, akatoa Hoja zake 95 tarehe 31 Oktoba. Watu wengi hudhani hoja zile zilihusu Papa tu. Lakini soma hoja ya 43 na zile zinazofuata: anasema kwamba mtu ampaye maskini, au amkopeshaye mwenye shida, hutenda jema kuliko yule anunuaye cheti, na mtu ampitaye mhitaji njiani akaenda kununua cheti hakununua rehema, amejinunulia hasira ya Mungu. Hapo ndipo kuhani na Mlawi wa Luka 10 wanapoonekana tena, safari hii wakiwa na cheti mkononi.

Haki isemwe kwamba biashara ile Kanisa la Roma lenyewe liliikomesha katika karne ileile. Na juu ya jambo kubwa lililokuwa chini ya ugomvi ule, yaani mtu ahesabiwaje haki mbele za Mungu, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja huko Augsburg mwaka 1999, na sisi Waanglikana tukajiunga nalo mwaka 2017. Si jambo la kutupigia kelele leo. Lakini ni jambo la kujipimia.

Maana fundisho la Walutheri juu ya huruma linaanza hapo, na anayetaka kulianzia mahali pengine hataliona. Linaanza na mikono mitupu. Mungu alitupokea tukiwa hatuna kitu cha kumpa. Hatukumlipa, wala hatutaweza kumlipa. Basi ikiwa hatumlipi, matendo mema ni ya nini? Luther alijibu mwaka 1520 katika kitabu chake juu ya uhuru wa Mkristo. Mungu hana haja ya matendo yetu, lakini jirani anayo haja. Mkristo aliyekwisha kupewa kila kitu hana tena sababu ya kufanya kazi kwa ajili ya kujiokoa. Mikono yake imefunguliwa, naye anaweza kumtendea jirani vile Kristo alivyomtendea yeye, bure, bila kupiga hesabu ya faida. Kwa njia ya imani mtu huyu yuko huru wala hana bwana juu yake; kwa njia ya upendo yeye ni mtumishi wa wote.

Tazama jinsi jambo hilo linavyogeuza sadaka. Mtu atoaye ili apate baraka anamtumia maskini kama ngazi. Akipanda akafika, ngazi haina kazi tena. Lakini mtu aliyekwisha pata baraka anaweza kumtazama maskini mwenyewe, akaona kama ana njaa au ana homa au anahitaji mtu wa kukaa naye tu. Ndugu zangu, twajua mahubiri ya siku hizi, katika redio na katika viwanja, ya kwamba panda mbegu uvune mara mia. Tumeyasikia hata katika altare zetu. Hayo ni maduka ya vyeti yaliyopakwa rangi mpya.

Wala fundisho hili si geni kwetu. Kanuni 39 za Imani za Kanisa letu, ingawa ni wachache wanaozisoma, husema jambo hilo katika kanuni ya 11 na ya 12: twahesabiwa haki kwa imani, na matendo mema hufuata kama matunda yafuatavyo mti.

Watu wa Wittenberg hawakuliacha fundisho lao mimbarani. Mwaka 1522 baraza la mji liliweka hazina ya pamoja kwa ajili ya maskini. Mwaka uliofuata watu wa mji mdogo wa Leisnig walifanya yao, na Luther akawaandikia dibaji. Tumeipenda sana habari ya Leisnig, kwa hiyo mtuvumilie tuieleze. Palikuwa na sanduku moja lenye kufuli nne, na funguo nne zilizokaa mikononi mwa watu mbalimbali, asiweze mtu mmoja kulifungua peke yake. Kila mwaka walichaguliwa wasimamizi kumi: wawili wa ukoo wa wakuu, wawili wa baraza la mji, watatu raia wa mjini, na watatu wakulima wa vijijini. Walikutana kila Jumapili. Katika sanduku hilo zilitoka fedha za mchungaji na mwalimu wa shule, za kutengeneza majengo, za yatima na wazee na wagonjwa wasioweza kujitunza. Fundi aliyepatwa na shida alikopeshwa ili arudie kazi yake, na mgeni aliyehamia mjini naye aliweza kusaidiwa. Wakulima watatu kati ya watu kumi! Katika Ujerumani ya siku zile hilo halikuwa jambo dogo.

Tuseme na upande wa pili, kwa kuwa habari njema tupu haisadikiki. Sanduku la Leisnig halikwenda vizuri. Baraza la mji lilikataa kukabidhi mali iliyotakiwa iingie humo, na Luther alilalamika. Huyu Luther naye hakuwa malaika. Mwaka 1525 aliandika maneno makali ya kuwapiga wakulima walioasi, na mwaka 1543 aliandika juu ya Wayahudi maneno ya chuki ambayo Walutheri wenyewe wamekwisha yakataa hadharani. Mtu aliyefundisha rehema kwa uzuri namna hiyo aliweza kuisahau akiwa na kalamu mkononi. Nasi tuliisahau tukiwa na daftari la zaka.

Lakini kuna mwaka mmoja ambao hatuwezi kuupita haraka. Mwezi Agosti 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo kikuu kikahamishiwa Jena. Mtawala wa Saxony akamwagiza Luther aondoke na jamaa yake. Hakuondoka. Mkewe Katharina alikuwa mja mzito, na mtoto wao wa kwanza alikuwa wa mwaka mmoja tu. Nyumba yao kubwa, iliyokuwa zamani nyumba ya watawa, ikapokea wagonjwa. Mke wa meya wa mji alikufa karibu mikononi mwa Luther. Johannes Bugenhagen, mchungaji wa mji, naye alibaki na watu wake. Mwezi Desemba Katharina alijifungua mtoto wa kike, Elisabeth, ambaye hakutimiza hata mwaka mmoja wa maisha.

Siku hizo wachungaji wa Breslau, mji uitwao leo Wrocław katika Poland, walikuwa wamemwuliza Luther kama Mkristo ana ruhusa kukimbia tauni. Alijibu kwa waraka mrefu uliochapwa mwaka huohuo. Ugonjwa wa korona ulipoenea mwaka 2020, watu wengi duniani waliutafuta waraka ule wakausoma tena, na si ajabu, maana una akili na una moyo pamoja. Hasemi kwamba kukimbia ni dhambi siku zote. Kuilinda nafsi ni jambo la asili, na mtu asiye na mzigo wa wengine anaweza kwenda zake. Lakini mchungaji, mtawala, mzazi mwenye watoto, mtumishi aliyeahidi kazi, na jirani ambaye akiondoka hakuna atakayebaki, hao wamefungwa kwa kamba ya wajibu. Anawakemea vilevile wale wanaojifanya mashujaa, wanaokataa dawa na kujichanganya na watu ovyo, wakiita jambo hilo imani. Huko, asema, ni kumjaribu Mungu. Tumia dawa, safisha nyumba kwa moshi, usiende mahali ambapo hauhitajiki; lakini jirani akikuhitaji, nenda. Ingekuwa vizuri, asema tena, miji iwe na hospitali na watu wa kuwauguza wagonjwa. Lakini mahali ambapo hazipo, sharti kila mmoja awe hospitali ya mwenzake.

Kisha anasema jambo lililotuchoma. Kama ingesemekana kwamba Kristo mwenyewe amelala mgonjwa katika nyumba fulani, wote wangekimbilia huko, na kila mtu angetaka kumhudumia. Nawe humsikii akisema, katika Mathayo 25, kwamba yuko ndani ya huyo mgonjwa wa jirani? Mama yetu mzee alilala nyumba ya saba kutoka kanisani. Tumehesabu.

Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, ambayo watoto wa Kilutheri huikariri hata leo, amri ya kutokuua haifasiriwi kwa kusema usimpige mtu tu. Inasemwa kwamba yatupasa kumsaidia jirani katika kila hitaji la mwili. Mtu aliyemwona mwenye njaa akampita amevunja amri ya kutokuua, hata kama hakuinua mkono. Mtoto anayejifunza hivyo tangu utoto, akiambiwa kwamba kuna mama asiyeweza kuinuka, haendi kwanza kuuliza ni wa dhehebu gani.

Walutheri wana neno lao kwa kazi hii: diakonia. Katika sharika za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania mtalisikia mara kwa mara. Ni Kigiriki, na maana yake ni huduma. Sisi tunalo neno hilo katika sura nyingine, kwa maana shemasi wetu kwa Kigiriki ni diakono. Someni Matendo 6 mwone kazi hiyo ilizaliwaje. Haikuzaliwa kwa sababu ya ibada. Ilizaliwa kwa sababu ya manung'uniko: wajane wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwauliza wajane kama wametoa. Waliagiza wachaguliwe watu saba ili wasisahauliwe tena. Sisi tumemfanya shemasi awe mtu wa kusoma Injili na kushika kikombe, naye akingojea upadre. Mezani pa wajane hatumwoni.

Katika karne ya 19 Ujerumani ilijaa viwanda na umaskini wa mijini, na jambo hili likaamka upya. Mwaka 1833 Johann Hinrich Wichern alifungua karibu na Hamburg nyumba ya watoto waliotupwa, na mwaka 1848, huko Wittenberg, aliwaambia wakuu wa makanisa kwamba upendo ni wa Kanisa sawasawa na imani. Mwaka 1836 mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike walianzisha Kaiserswerth nyumba ya wanawake waliofundishwa kuuguza. Mchungaji Wilhelm Löhe alifanya hivyo mwaka 1854 kwa Walutheri wa Neuendettelsau. Na ni nani aliyekwenda Kaiserswerth mwaka 1850, akarudi mwaka 1851 kujifunza kwa miezi kadhaa? Florence Nightingale, binti wa Kanisa letu la Uingereza. Wauguzi wetu wanaoheshimu jina lake na wakumbuke kwamba alikaa darasani kwa majirani.

Tusiende mbali. Sisi tunaoishi chini ya milima ya Usambara twaweza kuinua macho tu. Mwaka 1896 ilijengwa juu huko Lutindi nyumba ya watoto waliookolewa katika utumwa. Baadaye, tangu mwaka 1904, nyumba ile ikaanza kupokea wagonjwa wa akili, na ndugu waliofundishwa Bethel, Ujerumani, wakawahudumia. Utawala wa Wajerumani umekwisha, vita viwili vya dunia vimepita, na Lutindi ingali hospitali ya wagonjwa wa akili chini ya Kanisa la Kilutheri. Hatusahau kwamba nyumba ile ilijengwa chini ya bendera ambayo, katika Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, ilichoma mashamba na kuwaua watu wa kusini kwa njaa. Mambo hayo mawili yalikuwa katika nchi moja kwa wakati mmoja, nasi hatuna ruhusa kufuta lolote. Lakini mtu aliyeletwa Lutindi amefungwa kamba, anazungumza na asiyeonekana, alikuwa na nini cha kulipa? Hakuweza hata kusema asante.

Na hapa tukumbuke mwanzo wetu. Misheni ya UMCA, iliyotuzaa, ilikuwa na Mbweni na Kiungani huko Unguja, na wengi wa Waanglikana wa kwanza wa pwani hii walikuwa watoto walioshushwa katika majahazi ya watumwa. Kanisa Kuu la Mkunazini limesimama mahali palipokuwa soko lao, lililofungwa mwaka 1873. Ni nani kati ya watoto wale aliyelipa zaka kabla ya kufunguliwa minyororo? Kanisa letu lilianza kwa watu wasio na kadi.

Tena mwaka 1964 Fungamano la Kilutheri la Ulimwengu lilianzisha katika nchi yetu huduma ya Kikristo ya wakimbizi, ijulikanayo kwa herufi TCRS, ikifanya kazi pamoja na Serikali na Umoja wa Mataifa. Walipokimbia watu wa Burundi mwaka 1972, walipewa ardhi katika Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, na huduma hiyo ikashughulika na visima, barabara, zahanati na shule. Wengi mno kati ya wakimbizi hao hawakuwa Walutheri. Kama kusudi lingekuwa kuongeza hesabu ya waumini, ilikuwa fedha iliyotupwa. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa makazi yale walikuwa wamepewa uraia wa Tanzania. Na mwaka 2017 Fungamano hilo lilipokutana Windhoek, miaka 500 baada ya Hoja 95, lilichukua kichwa cha kusema kwamba wokovu hauuzwi, wanadamu hawauzwi, wala uumbaji hauuzwi.

Sasa twasikia mtu akisema, "Haya ni mazuri, lakini tukifanya hivyo watu wataacha kutoa zaka, na wavivu watajaa mlangoni." Ndugu huyu tusimdharau. Zaka ndiyo inayomlisha mwinjilisti na kutengeneza paa. Na wale wa Wittenberg na Leisnig nao hawakuwa wapumbavu: taratibu zao zilikataza kuombaomba, na mtu mwenye nguvu aliyeweza kufanya kazi alitakiwa afanye. Waliuliza maswali kabla ya kutoa. Lakini angalieni ni maswali gani. Waliuliza mtu huyu ana shida gani, ana nguvu kiasi gani, kitu gani kitamwinua. Sisi tuliuliza, ametoa kiasi gani? Swali la kwanza ni la mganga. La pili ni la mwenye duka. Mtu mvivu na aambiwe ukweli usoni pake, akiwa hai na mzima. Lakini mgonjwa na maiti hawajawa wavivu.

Tena zaka si bei. Tukiifanya kuwa bei ya kengele, ya kisima cha ubatizo na ya kaburi, tumewafundisha watu wetu kwamba Mungu anadai kabla ya kutoa, nao wakiiamini habari hiyo hawatakuwa Wakristo wa namna yoyote. Twaogopa kwamba wengine wamekwisha iamini. Yule kijana aliyekopa dukani hajaonekana kanisani tangu siku ile.

Turudi kwenye njia ya Yeriko. Mababa wa kale wa Kanisa walimwona Kristo mwenyewe katika Msamaria, na Luther alipoihubiri Injili hii alifuata njia hiyo. Tumezoea kujiuliza sisi ni nani katika hadithi, tukitumaini kuwa Msamaria, tukiogopa kuwa kuhani. Lakini kwanza sisi ni yule aliyelala chini. Hakuwa na nguo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujua kabila lake kwa vazi lake. Hakusema neno. Fedha yake ilikuwa imechukuliwa. Msamaria alimmwagia mafuta na divai akiwa katika hali hiyo, akampandisha juu ya mnyama wake, akatembea mwenyewe kwa miguu. Akampa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, kisha akafungua deni lisilo na mwisho, akasema yatakayozidi atalipa atakaporudi. Huyo mwenye nyumba ya wageni hatumsikii sana katika mahubiri. Alipokea mgonjwa asiyemjua, kwa gharama ya mtu mwingine, na kazi yake ikawa kumtunza tu. Huenda ndiye anayefanana na mtaa wetu kuliko wote, kama tukitaka. Dinari zimekwisha wekwa mezani.

Halmashauri ya mtaa imekutana mara mbili juu ya jambo hili. Mara ya kwanza hatukuelewana, na wengine walitoka kabla ya sala. Mara ya pili tulipatana mambo machache. Kadi ya zaka haitaulizwa tena kwa mgonjwa wala kwa maiti, na kengele italia kwa kila aliyebatizwa. Fedha aliyolipa yule kijana imerudishwa. Mhazini alisema daftari la mwaka ule limekwisha fungwa, akaambiwa alifungue. Padre na wazee wawili waliipeleka Jumanne nyumbani kwake. Yeye alikuwa shambani. Mkewe aliipokea, akauliza kama wanataka aweke sahihi.

Sanduku la wahitaji limekwisha tengenezwa na fundi wetu. Lina kufuli nne. Ufunguo mmoja anao mama wa Umoja, wa pili mzee wa kijiji cha mbali, wa tatu kijana wa kwaya, wa nne mhazini. Padre mwenyewe aliomba asipewe. Shemasi atasimamia zamu ya kuwatembelea wagonjwa kila Jumatano baada ya Misa ya asubuhi, na akina mama wa ng'ambo ya mto wamekubali kutuonyesha, kwa mwezi wa kwanza, jinsi wanavyopanga zamu zao. Kuni na unga vipelekwe chumba cha nyuma cha kanisa. Mwenye kujua nyumba ambamo mtu amelala hawezi kuinuka, awe wa Kanisa letu au asiwe, amwambie shemasi, au amwambie mtoto yeyote wa Shule ya Jumapili afikishe habari.